Chai ya Mama Mkwe na Uchovu Wangu

Katika nyumba ya mama mkwe wangu kule Gesima, chai haina saa. Ukifika asubuhi utapewa, ukifika mchana utapewa pamoja na ugali, na ukisema sasa naondoka utaambiwa keti kwanza, unataka watu waseme umetoka hapa na tumbo kavu? Ni chai ya maziwa, imechemka mpaka imekuwa nyekundu kama tofali, na kwa mama huyo kikombe cha kwanza ni cha kuonja tu. Majani yake ndiyo yaliyomsomesha mume wangu na ndugu zake baada ya baba yao kufariki. Aliyachuma mwenyewe, kikapu mgongoni, mvua ikimnyeshea. Kwa hivyo ukikataa chai pale hujakataa kinywaji, umemkataa yeye.

Mimi si wa Gesima. Kwetu ni upande wa ziwani, nikakulia Kisumu, kisha nikaja Kisii mjini kufungua saluni. Mume nilimpata hapo hapo, siku alipomleta dada yake kusukwa. Huyo dada ndiye wifi yangu, na tutamfikia, msiwe na haraka. Ekegusii yangu ni ya salamu na ya kununulia ndizi. Kiswahili cha mama mkwe ni cha kanisani na cha kuongea na wageni. Tulielewana kwa hicho kidogo na kwa mikono, na kusema kweli nimewahi kuishi na watu wa lugha yangu tusielewane hivyo.

Sasa, huo uchovu. Ulianza polepole baada ya mtoto wa pili, na nikaudharau, maana ni mama gani mwenye watoto wawili asiyechoka? Lakini huu ulikuwa mwingine. Nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Saluni yangu iko ghorofa ya pili, na nikifika juu moyo unadunda kama nimefukuzwa na mbwa, nashika mlango kwanza nipate pumzi. Kusuka ni kazi ya mikono juu. Nilikuwa nafika katikati ya kichwa cha mtu naiteremsha mikono, najifanya natafuta kitana. Mteja mmoja akaniuliza, "Dada, umelala ama?" Nikacheka naye, nikainua mikono tena nikaendelea kusuka.

Na tena nilianza kutafuna odowa, yale mawe laini wanayonunua wajawazito sokoni. Mimba sikuwa nayo. Nilikuwa nayatafuna kwa siri, ndani ya saluni yangu mwenyewe, kama mwizi.

Yawa, usimwambie mtu umechoka! Kila mtu ni daktari. Jirani akasema ni malaria, nikapimwa, hakuna. Mwingine akasema ni taifodi, kwa sababu Kisii kila kitu ni taifodi. Fundi wa viatu pale chini akasema ni mawazo, nipunguze mawazo, kana kwamba yanauzwa kwa kilo. Mume wangu akasema ni simu, nalala nikiwa nayo usoni, na hapo hakukosea sana. Nikaiweka mbali, nikawa nalala mapema. Usingizi ukaja mzuri kabisa, na asubuhi nikaamka vile vile.

Wifi yangu yeye hakuhangaika na vipimo. Alisema ni uvivu.

Alisema hivyo shambani, msimu chai ilipokuwa imechipua na sote tumeenda kusaidia kuchuma. Nilikuwa nimechuma kidogo tu, kichwa kikazunguka, nikajikuta nimekaa chini kwenye matope kati ya mistari ya chai. Wifi akamwambia ndugu yake, kwa sauti, tena kwa Ekegusii ya polepole ili hata mimi nisiipoteze, kwamba wako wasichana wengi Nyamira wenye mikono, na kwamba mwanamke wa kukaa chini shambani atakuja kuwalea watoto vipi. Mume wangu akaanza kurekebisha kamba ya kikapu chake. Ndugu wengine nao walikuwa bize sana na majani.

Ni mama mkwe aliyeteremsha kikapu. Akanijia, akanishika mkono, akamwambia binti yake, "Mvivu anajificha. Huyu ameanguka. Huyu ni mgonjwa." Basi. Wifi akarudi kwenye mstari wake.

Tangu siku hiyo nilijua hesabu yangu katika boma lile: upande wangu nilikuwa na mtu mmoja. Nikimpoteza huyo, nimebaki peke yangu na maneno ya wifi, na mume ambaye maneno hayo yalikuwa yameanza kumwingia. Nilimwona akinitazama nikilala mchana wa Jumapili, na macho hayo sikuyapenda.

Mama akaanza kunitibu. Kila wikendi tukifika, chinsaga iko mezani, ile mboga chungu inayosifiwa huku kwamba inaongeza damu, amenichemshia na maziwa mpaka ikalainika. Na pembeni kikombe kikubwa cha chai, kile cha bati cha marehemu mzee, ambacho wengine hawakupewa. "Kunywa, upate nguvu." Nakula nikisukuma kwa chai. Nikimaliza, anajaza. Sijawahi kupendwa hivyo na mtu ambaye hakunizaa.

Hatimaye nikaenda hospitali, si duka la dawa. Wakanipima sukari, wakanipima tezi ya shingo, wakanipima damu. Vingine vyote vilikuwa sawa, lakini damu ilikuwa chini sana, madini ya chuma yamekwisha. Daktari akaniuliza kuhusu hedhi yangu, na mimi nikamwambia kawaida, kisha akaniuliza kawaida ni ipi, na nilipomweleza akaweka kalamu chini. Kumbe nilikuwa navuja damu mwezi baada ya mwezi nikidhani ndivyo wanawake wote walivyo. Akanipa dawa za kuipunguza na vidonge vya chuma. Nilitoka pale nikitembea kwa furaha. Kuambiwa una ugonjwa, baada ya kuitwa mvivu, ni zawadi.

Miezi ikapita. Nikameza vidonge bila kukosa, hedhi ikatulia, lakini damu ikapanda kidogo tu, na uchovu ukabaki pale pale. Niliporudi, muuguzi aliyenipokea, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akaniuliza, "Unameza na nini?"

"Na chai."

"Na chakula unakula na nini?"

"Na chai."

Akanitazama. "Mama, wewe unaijenga nyumba na kuibomoa siku hiyo hiyo." Akanieleza kwamba chai inakikamata kile chuma tumboni kabla mwili haujakipata, kile cha kidonge na kile cha mboga pia. Maziwa nayo hayasaidii. Nimeze kwa maji, na chungwa au pera pembeni, maana hayo yanausaidia mwili kukipokea. Chai si sumu, akasema, lakini ikae mbali na chakula na dawa, saa nzima au mbili. Halafu akacheka mpaka mabega yakatikisika, akasema nusu ya wanawake anaowapa vidonge hivyo wanavimeza na chai, kwa sababu huku maji ya kumezea dawa ndiyo hayo.

Na mimi nilicheka. Nilipofika barabarani kicheko kikaisha. Nitamwambiaje mama? Kwamba ile chai yake, ya kikombe cha mzee, ndiyo inayonizuia kupona? Mtu mmoja aliyesimama nami, niende nimwambie mkono wake umenikosea? Nikamwomba mume wangu aseme. Akasema, "Mwambie wewe. Mimi nimesomeshwa na hiyo chai." Mwanaume mzima!

Basi nikachagua ujanja. Nikawa napokea kikombe, nashukuru, natoka nje kama nakwenda kuwatazama watoto, na chai inaenda kwenye shina la mgomba. Nyumbani kwangu mjini nilifanya kama muuguzi alivyosema, na mwili ukaanza kuniitikia. Siku moja nilifika juu saluni nikiwa naongea na simu, na ni katikati ya mazungumzo nilipogundua kwamba sihemi. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikamshukuru Mungu kwa sauti. Odowa nikaitupa.

Lakini wifi ana macho. Jumapili moja alisimama nyuma yangu kwenye migomba, akaniacha nimalize kumwaga, kisha akanishika kiwiko akanirudisha sebuleni. "Mama, angalia. Chai yako inanyweshwa migomba. Ama huyu amekuwa Msabato?" Maana sisi pale ni Wakatoliki, na kuna Wasabato wasiogusa chai kwa imani yao.

Nikaeleza. Nilieleza kwa Kiswahili, nikachanganya na Ekegusii yangu iliyovunjika, damu, vidonge, muuguzi, chungwa, na chai kwamba si mbaya, mama, si mbaya, ila tu isikutane na chakula. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nikizama. Mama mkwe alinisikiliza bila kunitazama. Akakichukua kile kikombe cha bati mkononi mwangu, akaingia jikoni, na hakutoka mpaka tulipoondoka. Kwenye gari nilijua nimempoteza.

Wikendi zilizofuata hakunipa chai. Hakunipa hata kikombe kitupu. Aliniwekea chakula na maji, akanisalimia vizuri, lakini wengine walipokuwa wakinywa mimi nilikaa na mikono mapajani, na wifi akanitazama kwa utamu kama mtu aliyekwisha kushinda. Nilikula chinsaga yangu kavu, nikasema asante mama, naye akaitikia kwa kichwa tu.

Ndipo zamu ya jumuiya ikafika kwenye boma letu. Jumuiya ni majirani Wakatoliki wanaosali nyumba kwa nyumba, na siku hiyo walijaa mpaka nje, katekista akiwa kwenye kiti kikubwa. Wakasali, wakaimba, tukawapakulia. Tulipakua ugali, kuku, mboga. Nilihudumu tangu mwanzo bila kukaa, na nilipokaa na sahani yangu nilikuwa najiandaa kwa maswali: kwa nini huyu mke hanywi chai ya mama mkwe wake?

Watu wakala. Wakamaliza. Chupa za chai zilikuwa zimepangwa mezani, zimejaa, na vikombe vimefunikwa kwa kitambaa. Hakuna aliyemimina. Katekista akakohoa. Kitambaa hakikuguswa. Mama mmoja wa jirani, mcheshi, akauliza kwa Ekegusii kama leo wamekosea nini, na watu wakacheka, huku wakizitazama chupa.

Mama mkwe akasimama. Chumba kizima kilikuwa cha Wakisii. Mgeni wa lugha alikuwa mmoja tu. Na yeye, ambaye Kiswahili humtoa jasho, akaongea Kiswahili.

"Chai iko," akasema. "Lakini hii mtoto yangu anatafuta damu. Amekula sasa hivi. Chai ikija mapema itamharibia." Akamtazama binti yake, kisha katekista, kisha mimi. "Mimi siwezi kunywa yeye akitazama. Nimejaribu hizi wiki, nimeshindwa. Kwa hivyo tutangoja na yeye, sisi wote. Hata katekista."

Katekista akasema amina. Sijui kama ilikuwa ni ya sala, lakini aliisema.

Na tukangoja, nyumba nzima, katika boma ambalo hakuna mgeni aliyewahi kungojeshwa chai. Mtu akaanzisha wimbo. Wifi akawa anatazama sakafu. Mama akaja akaketi karibu nami kwenye benchi, akatoa chungwa kwenye mfuko wa sweta yake, akaanza kunimenyea.