Siku Mama Alipoombewa Ugonjwa Asiokuwa Nao

Nakumbuka siku moja nilifika kwetu Mau Narok nikamkuta mama yangu amelala kitandani mchana, amejifunika blanketi mbili, akiombewa ugonjwa ambao hakuwa nao. Ugonjwa huo, mwanangu, nilimpa mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nachora ramani katika ofisi ya wapimaji ardhi mjini Nakuru. Mashamba ya walowezi yalikuwa yakigawanywa na kazi ilikuwa tele, lakini cheo hakikuwepo. Mchoraji aliyekuwa juu yangu alikuwa na afya ya fahali, wala hakuwa na haraka ya kustaafu. Wenzangu niliosoma nao walikuwa Nairobi, na kila Krismasi walirudi wakiongea kwa sauti kubwa kuliko walivyoondoka. Niliwaonea wivu, sikufichi. Nakuru niliiona mji wa kungoja tu, na kungoja kulinichosha.

Basi nikaitwa Nairobi kwa mahojiano, siku ya Ijumaa. Msimamizi wetu sote alikuwa Mzee Koech, aliyenifundisha kazi tangu siku ya kwanza. Niliona haya kumwambia nataka kuondoka, nikamwambia mama yangu ni mgonjwa sana. Aliniruhusu kwa huruma, nami nikashindwa kumtazama usoni.

Njia ya mwongo ni fupi. Nilisahau jambo ambalo hata mtoto wa huku analijua: ukisema mama yako anaugua, watu hawakai. Jumamosi asubuhi wenzangu walibeba sukari, mikate na majani ya chai, wakapanda pikapu ya Mzee Koech. Simu za mkononi hatukuwa nazo, kwa hivyo mama hakuwa na habari.

Shangazi yangu ndiye aliyewapokea. Mama alikuwa jikoni akimenya viazi, akasikia wakiuliza hali ya mgonjwa. Alielewa mara moja kwamba nimedanganya, na kwamba nikijulikana nitafutwa kazi. Mwanamke huyo alikuwa akinichapa utotoni kwa uongo wa kijiko cha sukari. Siku hiyo aliingia kitandani na nguo zake za shamba.

Mimi nilikuwa narudi kutoka Nairobi Jumamosi hiyohiyo, na barua ya kazi mpya mkobani. Nilipoiona pikapu langoni, nilikimbilia mlangoni. Ndani, Mzee Koech alikuwa amepiga magoti, kofia mkononi, akimsihi Mungu amsimamishe mama yangu. Mama alifungua macho akaniona mlangoni na viatu vyangu vya mahojiano. Hakuwa na hasira. Alikuwa na aibu, na aibu yenyewe ilikuwa yangu.

Ningesema amina tu na mambo yangeisha. Wote walisema amina, mimi ikanikwama.

"Mzee, mama si mgonjwa," nikasema. "Nilikuwa Nairobi, natafuta kazi."

Mzee Koech aliinuka polepole, akajipangusa magoti.

"Msichana wangu," akasema, "ungetuambia unaenda, tungekuombea wewe."

Mama aliamka akatupikia chai kwa sukari waliyomletea. Tuliinywa, na sijawahi kunywa chai chungu kama ile. Jumatatu nilipeleka barua ya kuacha kazi, nikatumika mwezi mzima nikimfundisha mwingine. Siku ya mwisho waliniombea. Miaka mingi baadaye, nilipotaka kurudi nikulee huku, ni Mzee Koech huyohuyo, akiwa amestaafu, aliyenishika mkono mpaka kwa meneja mpya wa ofisi ile.

Sasa nikugeukie wewe. Jana nilikuwa nachambua maharagwe nikakusikia ukimwambia bosi wako kwa simu kwamba mathe ni mgonjwa sana, na Jumatano hutafika kazini. Mathe ni mimi, na sijambo.

Sikukatazi kuondoka. Mji huu unakua polepole, na damu yako inachemka, najua. Ukikaa, kaa kwa kupenda, usikae kwa woga. Ukienda, enda mchana, watu wakikuona, kwa sababu njia ya kurudi hutengenezwa siku ya kuondoka. Lakini mimi kitandani siingii. Chukua simu umpigie bosi wako sasa hivi, nikiwa nakusikia.

Mungu akutangulie huko uendako, mwanangu. Na ukichoka, akurudishe kwa mlango uleule uliotokea, uwakute wenyewe wameuacha wazi.