Kompyuta Aliyoirudisha Mama Ngalula

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, na nikiikumbuka uso bado unaniwaka. Ilikuwa miaka ile kampuni kubwa ya migodi ilipoanguka hapa Lubumbashi. Baba zetu walikaa nyumbani bila mshahara, na ofisi zikatupa kompyuta zao kama takataka. Sisi vijana wa parokia tulizikusanya. Kila Jumamosi tulipuliza vumbi, tukatoa kipande hapa tukakiweka kule, mpaka mbili zilizokufa zikazaa moja nzima. Hatukulipwa. Kazi ilikuwa njema. Ubaya niliuleta mimi.

Kompyuta ya kwanza tulimpa Mama Ngalula wa mtaa wa Ruashi, aliyekuwa mpiga chapa katika kampuni ile. Alitaka kuwapigia watu chapa barua zao kwa malipo kidogo, watoto wapate kula. Nami, kwa kupenda sifa, nikamsimamisha mbele ya kanisa zima awaeleze watu maisha yake.

"Mama, muelezee bantu vile munaishi ku nyumba."

Alisema kwamba watoto wake wanalala njaa. Watu wakapiga makofi. Binti yake mkubwa aliinamisha kichwa, akatoka nje. Kutoa ni moyo, wanasema. Moyo wangu siku ile ulitoa ili uonekane.

Wiki haikuisha, mama yule akairudisha kompyuta, imefungwa ndani ya kitenge.

"Mashini iko muzuri," alisema polepole. "Lakini ku masomo banaita mutoto yangu Musaada. Anakatala kurudia kule. Mukamate kitu yenu."

Nilimsimulia baba yangu tulipokuwa tukila, nikidhani atasema mama yule hana shukrani. Baba, naye aliyefukuzwa kazi, aliacha kula.

"Ulimupa mashini, ukamunyanganya uso," alisema. "Hata mimi baba yako, nikikosa kitu, nitaogopa kukuomba."

Nilikwenda Ruashi kuomba msamaha. Mama Ngalula alinipa kiti na maji, akanisamehe. Kompyuta hakuipokea tena. Binti hakutoka chumbani, wala shuleni hakurudi. Leo anauza mboga sokoni. Nikimsalimu anaitika kwa heshima, na mimi ndiye ninayetazama chini.

Mwanangu, nasikia nawe unatengeneza kompyuta za wasio nazo. Endelea. Ila tenda wema uende zako. Mpelekee mtu kompyuta kwake, mfundishe kuiwasha, umuage. Njaa yake usimuulize, jina lake usilitangaze. Mungu akupe mikono inayofufua vilivyokufa, na mdomo unaojua kunyamaza.