Kijani ya Muhogo

Vijana, siku yangu ya kwanza katika chumba cha betri cha reli, pale Kamina, shefu wa umeme, yaani mkuu wangu, alinipa kijikaratasi cheupe akaniambia nikilambe. Nilidhani ananitania. Kumbe ndiyo kazi yenyewe: karatasi ile ilikuwa imetiwa dawa, na ukiilowesha na kugusisha nyaya mbili za dinamo, alama nyekundu hutokea kwenye waya mmoja tu, ule wa hasi. Dinamo yetu ilikuwa kuukuu. Mara nyingine ikiwashwa upya iligeuza hasi na chanya. Nasi tulichaji betri za simu za stesheni, na kuzichaji kinyume ni kuziua. Basi kila asubuhi aliyekuwa kwenye zamu alilamba, wiki yangu mimi, wiki yake mwenzangu Ilunga.

Ikaja miaka ile ya Zaire vitu vikaisha kimoja kimoja, sabuni, glavu, mwisho karatasi. "Haiko, sitwayeni," mtunza stoo aliniambia, akiniita raia kwa Kifaransa kama ilivyoamriwa siku zile, "na ingine haitakuya." Ilunga alikuwa amejiwekea vipande vyake. Mimi nikaanza kutumia muhogo mbichi. Unaukata, unachomeka nyaya mbili za shaba, unangoja, na rangi ya kijani inatokea. Ila kijani ya muhogo hutoka upande wa chanya, si wa hasi kama nyekundu ya karatasi.

Hilo sikumwambia Ilunga. Nilitumwa Bukama wiki mbili, gari moshi lilikuwa linapiga honi, nikamwambia tu, "Karatasi ikikosa, kamata muhogo. Rangi itatoka, utaiona." Yeye tangu aanze kazi alijua kwamba waya wenye rangi ni wa hasi.

Niliporudi, karatasi za Ilunga zilikuwa zimekwisha, betri zote zimekufa, na habari za gari moshi zilipelekwa kwa baiskeli. Shefu wa seksheni alituita ofisini, akamgeukia Ilunga.

"Nani alikufundisha hii ya muhogo?"

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Ilunga alijibu bila kunitazama, "Ilitoka mu kichwa yangu, shefu."

"Basi enda nayo kwenu."

Nilikuwa na watoto saba na nyumba ya reli. Niliogopa, nikanyamaza. Ilunga alifukuzwa kazi, akanyang'anywa nyumba pia, akarudi kwao Mulongo na mke na watoto. Nilimsaidia kubeba kitanda mpaka stesheni, na hapo pia sikusema kitu.

Mashefu watatu walikuja wakaondoka, mimi nikabaki. Siku ya kustaafu, yule wa mwisho alisoma mbele ya watu kwamba sikuwahi kuharibu hata betri moja. Walipiga makofi. Vijana, kazi ilinichosha, lakini makofi yale yalinichosha zaidi.

Mwezi uliofuata nilikwenda Mulongo. Nilimkuta Ilunga anashona wavu, mvi kichwa kizima. Nikamwambia nilipaswa kusema siku ile ofisini.

"Wacha, yaya," akasema, akiniita kaka kama zamani. "Ulikuwa na batoto." Akashona kidogo. "Lakini uniambie kitu kimoja. Ule muhogo ulinidanganya sababu gani?"

"Haukukudanganya. Kijani yake iko ya chanya."

Mikono yake ikasimama juu ya wavu.

"Ya chanya," akasema polepole. "Na miye miaka yote hii niliwazaka kama sikujua kazi."