Mahari ya Kilima

Shaba yenyewe sijawahi kuiona. Nimefanya kazi miaka mingi katika ofisi inayopanga kuichimba, hapa Kyambogo, na kitu pekee cha shaba kilichowahi kuingia mlangoni ni birika la marehemu mama yangu, ambalo nililileta mwenyewe kwa sababu la ofisi lilikuwa linavuja. Kampuni imebadilisha jina mara kadhaa. Mpango haujabadilika: tunaanza karibuni.

Kazi yangu ni kutafsiri. Shaba iko magharibi, karibu na mpaka wa Kongo, chini ya kilima chenye watu wa pande zote mbili, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Kwa hiyo kila barua ya kampuni hupitia kwangu. Mimi ni wa zile familia za Kiislamu ambazo mababu zao walikuja na biashara kutoka pwani, wakaona hali ya hewa nzuri, wakabaki. Baba alifundisha dini, na kwetu kosa la matamshi lilichapwa zaidi kuliko utoro. Watu wa mjini hapa, Waganda, wakikuamkia wanakuuliza “habali”, na njia wanayopita ni “balabala”. Mungu anisamehe, nimewacheka maisha yangu yote.

Mjiolojia wetu, mtu mpole anayelamba mawe kwanza ndipo ayaandike, aliwahi kunieleza jambo lenyewe. Mwamba wenye shaba umelala mshazari chini ya kilima, kama mkeka ulioegemezwa ukutani. Ncha ya chini imezama mbali huko. Ncha ya juu iko karibu kabisa na uso wa ardhi, na hapo ndipo shimo litakapoanzia. Kwenye ramani ameipaka rangi nyekundu. Juu ya nyekundu kuna migomba, kanisa dogo na nyumba za watu, na watu hao ilibidi waandikiwe.

Waraka wa Kiingereza ulisema kwamba kabla ya kazi kuanza, kampuni itaipa kila familia mahali. Sentensi fupi, haina shida. Nikaitafsiri kwa mkono, kama kawaida yangu, nikampa karani wetu achape. Karani ni mama wa Kiganda anayekaa Kyebando.

“Ssebo,” akaniuliza, yaani bwana kwa Kiganda, “hapa ni r kweli?”

“Wewe chapa nilivyoandika,” nikamjibu. “Habari za r niachie mimi.”

Akachapa. Mkubwa wa ofisi, ambaye Kiswahili hakijui, akagonga muhuri. Barua ikaenda.

Wiki chache baadaye akaja mwanamke mmoja, mtu mzima, kitenge chake safi licha ya safari ya basi. Barua ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki. Akasema ni mjane, alizaliwa Kongo, anaongoza kwaya ya lile kanisa dogo, na nyumba yake ndiyo ya kwanza kwenye shimo. Ametumwa na kilima.

“Jambo, baba. Ni ninyi mnaoposa?”

“Karibu, Mama. Tunaposa nini?”

Akaitoa barua, akaisoma kwa sauti ya kanisani: “Kabla ya kazi kuanza, kampuni itatoa mahari kwa kila familia.” Akaikunja. “Tumeisoma mara tatu. Tumeiombea. Swali ni moja tu. Bibi harusi ni nani?”

Nilihisi masikio yanawaka moto. “Ah, hilo ni kosa la karani,” nikasema.

Karani hakuinua hata uso. Alivuta faili, akatoa karatasi yangu, akaiweka mezani mbele yetu. Ilikuwa r, tena r nzuri, yenye mkia, kama alivyonifundisha baba. Nilitamani lile shimo liwe tayari, niingie mimi wa kwanza.

Nimelifikiria sana kosa hilo, na sababu naijua. Nilivyoogopa kuonekana mtu wa “habali”, niliifukuza l kila nilipokutana nayo, hata ile halali. Waganda wenyewe wasingekosea hivyo. Ilihitaji mtu mwenye majivuno.

“Nisamehe, Mama. Kosa ni langu. Si mahari, ni mahali. Kampuni itawapa mahali.”

Akaigeuza barua mkononi. “Basi hiyo ni mbaya zaidi.”

“Mbaya vipi?”

“Anayetoa mahari anakuja kwetu. Anakaa kwenye mkeka, anasema shida yake, na sisi tunaweza kukataa. Kilima kizima kilifurahi, baba. Tulisema, hawa watu wana adabu, wamekuja kuomba. Lakini huyu wa kutoa mahali, huyu amekwisha kuamua.” Akajifuta jasho. “Mume wangu amezikwa nyuma ya jiko langu. Nimekimbia vita mara mbili. Pale nilisema sihami tena. Haya, niambie. Mahali gani?”

Nikamwita mjiolojia, akatandaza ramani. Kila kitu kilikuwepo: shimo, njia ya malori, bwawa la maji machafu, kambi ya wafanyakazi, hata uwanja wa mpira. Mawe yasiyo na shaba nayo yametengewa bonde lao, zuri tu, lenye kijito. Pembeni kulikuwa na maelezo ya rangi, na ya njano ilikuwa “makazi mapya”. Mjiolojia akaanza kuitafuta njano. Akaigeuza ramani. Akavua miwani, akaivaa tena. Njano haikuwepo popote.

“Hata mawe mmeyapa mahali,” yule mama akasema.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Nikamwomba aniachie barua niirekebishe. Akairudisha kwenye plastiki. “Hii ina muhuri. Mwambie bwana harusi tunamngoja nyumbani. Nawe uje, si wewe ndiye mshenga?” Akaaga kila mtu, karani akamsindikiza hadi kituoni.

Mchana ule ule mkubwa akaagiza barua nyingine ya maneno yale yale, bila kosa, ipelekwe haraka na igongwe muhuri ule ule. Nikachukua karatasi yangu, nikaikata r, juu yake nikaandika l. Karani akaja kuichukua. Aliitazama kwa muda.

“Ssebo, ni l kweli?”

Ramani ilikuwa bado iko mezani. Niliitazama tena, pembe hadi pembe, labda njano ilitupita. Kisha nikamwambia airudishe r.