Zamu ya Maji ya Chumvi

Mashine ya chumvi ya bwawa letu ilikufa siku ya Jumatatu, na mama akaacha kutembea. Nayataja pamoja kwa sababu kwangu yalikuwa jambo moja.

Watu wa Same walinicheka nilipochimba bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba. Huu ni mji ambao bomba likitoa maji majirani huamshana, na mimi, Mpare mzima niliyestaafu kazi ya hoteli huko pwani, nachimba shimo la kuogea! Waliosema nimerukwa na akili walikuwa na haki yao. Nilitaka tu kuwa na kitu nilichowaona nacho wageni kwa miaka yote ile niliyowapelekea taulo. Kisha mama akapata kiharusi, nikamteremsha kutoka milimani aje kukaa kwangu, na majivuno yangu yakapata kazi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mzito, anauburuta. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniambia nimtembeze ndani ya maji kila asubuhi, na akanionya kwamba akiacha kwa muda mrefu atalala kitandani moja kwa moja.

Ndani ya maji mguu ule ulikuwa mwepesi. Mwanamke wa miaka themanini na ushei, ambaye maishani mwake hakuwahi kuingia kwenye maji yaliyopita magoti, alivaa gauni lake kuukuu, akashika bomba la ukingoni, akatembea.

Hakuliita bwawa. Aliliita ndiva. Kwetu milimani ndiva ni bwawa la kumwagilia mashamba, lililochimbwa na mababu kwa msaragambo, kijiji kizima na majembe yake. Maji hujaa usiku, asubuhi hufunguliwa, na kila nyumba ina zamu yake. Kula zamu ya mwenzako ni wizi mbaya kuliko wa mbuzi, maana mbuzi hulipwa. Kwa hiyo mama alivua kandambili mbali kabisa na maji, na hakuruhusu mtu afue hata leso pale. Na mwenye ndiva hiyo, kwa hesabu yake, sikuwa mimi niliyeichimba. Alikuwa mdogo wangu, aliyeyafanya maji yawe maji.

Mdogo wangu alikuwa fundi umeme, anaishi Lembeni. Ndiye aliyefunga pampu, chujio na ile mashine. Alinieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto mgumu wa hesabu: maji yanawekwa chumvi kidogo, yanapita katikati ya vibati ndani ya bomba lile la kioo, umeme unaigeuza chumvi kuwa klorini, klorini inaua uchafu. Sanduku la ukutani ndilo linaloamuru. Alipomaliza akakaza skrubu za kifuniko cha sanduku, akasema, "Kaka, maelekezo nimekuandikia, yamo humu ndani ya kifuniko. Yasome."

"Sawa," nikamjibu.

Sikuyasoma. Niyasome ya nini, na simu ninayo? Nilimpigia pampu ikikohoa. Nilimpigia maji yakipungua kwa jua. Alikuwa akicheka kwanza, ndipo ananijibu.

Siku moja mchana taa ya kijani kwenye sanduku ikawa nyekundu. Nikampigia.

"Kesho, kaka," akasema. "Leo nimeshika kazi ya watu."

"Na mama ataingiaje kesho asubuhi kwenye maji machafu?"

Maji hayakuwa machafu. Yalikuwa yanang'aa kama siku zote.

Akauliza, "Mama ndiye amekutuma?"

"Ndiyo," nikasema. Mama alikuwa amelala chumbani kwake, hana habari ya taa wala ya nani.

Alipanda pikipiki yake. Lori lilimkuta barabara kuu, karibu tu kuingia Same. Tulimzika milimani, kando ya baba. Msibani waliponiuliza alikuwa anafuata nini huku, nilisema alikuwa anakuja kununua vipuri. Nilisema mara moja tu. Wengine walinisaidia kuirudia kauli hiyo. Mama naye alisema hivyo hivyo kwa kila aliyekuja kumpa pole: "Alifuata vipuri."

Niliporudi nyumbani taa bado ilikuwa nyekundu. Nikaona aibu kumwita fundi mwingine. Nilikumbuka mdogo wangu huwa anatia chumvi, basi nikaenda mnadani nikachukua ile ya mawe, ya kahawia, wanayolambishwa ng'ombe, kwa kuwa mkono wangu ni wa birika na chumvi ni chumvi. Nikaitwanga, nikaimwaga. Kesho yake taa ikawa ya kijani.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya chumba cha pampu. Chumvi tu! Mtoto wa mama yangu alikuwa amekufa kwa ajili ya jambo ambalo ningelimaliza kwa ndoo.

Mama alirudi kwenye maji baada ya arobaini. Lakini sasa nyumba yetu ilikuwa na mtu wa tatu. Sanduku lile lilikuwa na tabia ya kugonga kila baada ya saa chache, tak, pale umeme unapogeuza mwelekeo kwenye vibati. Zamani sikuwa nikiusikia mlio huo. Sasa niliusikia nikiwa sebuleni, nikiwa bafuni, nikiwa na kijiko cha makande mdomoni. Mama akiwa majini aliusimamisha mguu, akageuza uso upande wa chumba cha pampu. Macho yake yana mtoto wa jicho, haoni zaidi ya ukungu.

"Amefika," alikuwa akisema, bila huzuni, kama anayesikia lango likifunguliwa.

Mimi nilikuwa naogopa. Siwezi kulisema kwa namna nyingine. Mtu mzima wa miaka sitini na mbili naogopa sanduku la plastiki.

Chumvi ile ya ng'ombe iliniendea vizuri kwa mwaka na kitu. Kumbe ilikuwa inavivika vibati ganda kidogo kidogo, mpaka Jumatatu hiyo niliyoitaja mashine ikazimika kabisa. Baada ya siku chache maji yalikuwa ya kijani, na ukuta unateleza. Mama akatoka majini. Wiki ya kwanza alianza tena kuuburuta mguu. Wiki ya tatu alianguka mlangoni mwa jiko, nikamkuta ameketi pale pale chini, anajifanya anachambua mchele.

Niliagiza mashine mpya Dar es Salaam, ikaja kwa basi. Sikutaka fundi. Sikutaka mikono ya mtu mwingine mahali palipokuwa na mikono yake. Nikapiga moyo konde, nikazima swichi kubwa, nikaijaribu mara tatu kwa bisibisi ya kupimia umeme, nikafunga koki zote mbili, nikafungua zile nati pana za plastiki. Bomba la vibati lilitoka limejaa ganda la kahawia, gumu kama la sufuria ya maji ya kisima. Mpya ilikuwa fupi kuliko ya zamani. Ilinibidi nikate kipande cha bomba na kukigundisha ili ifike. Nikaangalia mshale unaoonyesha maji yanakoelekea, nikapaka mafuta mipira ya kuzuia kuvuja, nikakaza kwa mkono.

Likabaki sanduku la ukutani. Nikafungua skrubu za kifuniko, na karatasi iliyofungwa ndani ya nailoni ikaniangukia kwenye vidole vya miguu.

Aliandika kwa herufi kubwa, kalamu ya wino mzito:

KAKA. TAA NYEKUNDU NI CHUMVI TU. MIFUKO MIWILI. NYEUPE, YA KUPIKIA, SIYO YA NG'OMBE, NAKUJUA. SUBIRI SIKU MOJA. USINIPIGIE SIMU.

Nilicheka. Kweli nilicheka, kwa hilo la ng'ombe. Kisha nikafika mstari wa mwisho, nikaiweka bisibisi chini.

Sijui nilimalizaje kazi. Nilimaliza. Nikatia chumvi nyeupe, ya kupikia, mifuko aliyosema. Nikaacha pampu izungushe maji siku nzima ndipo nikawasha mashine. Baada ya siku nne maji yalikuwa yanaonyesha sakafu. Sanduku jipya haligongi. Linafanya kazi kimya kimya, na kimya hicho kilinitia hofu kuliko ule mlio.

Asubuhi nikamwongoza mama mpaka ukingoni. Akasimama. Akasikiliza kwa muda mrefu.

"Umemtoa," akasema.

"Mashine iliharibika, mama. Hii ni mpya."

"Ndiva ilikuwa yake. Alikuwa ananifungulia. Sasa nani amesema ni zamu yangu?"

"Mama, haya ni maji tu."

"Maji tu!" Akanigeuzia macho yale yasiyoona. "Baba yako alikatwa na jembe mkononi kwa ajili ya maji tu. Siingii zamu ya mtu ambaye hakuniachia. Akiwa hai siingii, na akiwa marehemu ndiyo kabisa."

Nilimbembeleza siku hiyo na ya pili yake. Nikamkumbusha maneno ya mtaalamu. Nikagomba, na sijivunii hilo. Siku ya tatu alishindwa kusimama kutoka kitandani bila kushikwa kwapani. Na pale, nimemshika, karatasi ikalia kwenye mfuko wa shati langu. Nilikuwa natembea nayo.

"Karatasi gani hiyo?"

"Ya mdogo wangu. Niliikuta ndani ya sanduku."

Akanyoosha mkono. Akaileta karibu na jicho mpaka ikamgusa kope, akapapasa zile herufi nene. "Ni mwandiko wake," akasema, akanirudishia. "Nisomee."

Ningeweza kumsomea kama ilivyoandikwa. Maneno hayakuwa mengi. Lakini angeniuliza ni simu gani, na mimi maji yalikuwa yameshanifika shingoni. Nikasoma habari ya chumvi. Nikasoma habari ya ng'ombe, akatabasamu. Na nilipofika mwisho, mdomo wangu ukasoma kitu kisichokuwepo:

"Mama, shikamoo. Zamu ni yako."

"Marahaba, mwanangu," mama akaiitikia karatasi. "Marahaba."

Akaomba gauni lake la majini.

Kwa hiyo nilimwokolea mguu kwa kughushi sauti ya marehemu. Kila asubuhi kabla hajaingia nilimsomea. Kila asubuhi aliitikia. Siku moja, kwa usingizi, nikasema, "Mama, zamu ni yako, shikamoo," naye akanikatiza: "Anza na shikamoo. Hakulelewa hivyo." Mguu ukapata nguvu. Alianza kutembea kutoka kitandani mpaka barazani, kisha mpaka langoni, kwa fimbo tu. Watu wa kanisani walinisifu kwa kumtunza mzazi. Nilikuwa nikisifiwa, nasikia mgongoni kama kuna mtu anasubiri amalize kucheka ndipo anijibu.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa. Yangu ilifika mwisho mama aliponiambia kwamba likizo inayokuja binti wa mdogo wangu atakuja kukaa nasi. Yuko sekondari. "Nitampa asome ile karatasi mwenyewe," mama alisema. "Hajawahi kupata salamu ya baba yake tangu afe. Asome kwa mdomo wake."

Nilifikiria kuichoma. Nilifikiria kuandika nyingine. Herufi kubwa haziigwi kwa shida. Nilikwenda mpaka kwenye droo ya kalamu. Nilipoishika kalamu nikachukia mkono wangu, nikairudisha.

Asubuhi iliyofuata mama alikuwa ameshafika nusu ya urefu wa bwawa, maji kifuani, mkono mmoja kwenye bomba la ukingoni. Nilipiga magoti kwenye vigae.

"Mama. Siku ile mdogo wangu hakufuata vipuri. Mimi nilimpigia simu. Taa ilikuwa nyekundu. Nikamwambia wewe ndiye umenituma."

Akasimama.

"Siku ile?"

"Siku ile."

Pampu iliendelea kuvuma. Nikaona nimalize kabla moyo haujanirudi nyuma.

"Na ile zamu hakuiandika. Wala shikamoo. Nilisema mimi. Aliandika nisimpigie simu."

Mama hakulia. Midomo yake ilicheza kidogo, nadhani alikuwa akiyahesabu: asubuhi zote zile, na marahaba zote. Nikamnyooshea mkono nimtoe, kama nilivyomtoa siku zote. Alijua mkono upo. Maji ya kwenye vigae yaliyolowesha vidole vyangu yalimdondokea begani. Hakuushika. Aligeuka, akatafuta ngazi kwa mguu wa kulia, akaipata, akaupandisha ule wa kushoto mwenyewe. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Gauni likichuruzika maji alinipita, akazifuata kandambili zake kule mbali alikoziacha, akazivaa bila kuyumba, akaingia ndani na kufunga mlango.

Nikachukua fimbo yake pale ukingoni, nikamfuata.