Kilo Mbili na Robo

Usiku ule wa kuamkia siku ya kliniki nililala nimempa mume wangu Elia mgongo. Nilikuwa na wivu ambao hata mama yangu mzazi nisingemwambia.

Binti yetu Pendo alikuwa na miezi mitatu. Tabitha, mke wa shemeji yangu Yona, alikuwa na Daudi, aliyezaliwa siku nne baada ya Pendo. Tuliishi ua mmoja pale Njombe, milango yetu ikitazamana, nyumba ya mama mkwe katikati. Daudi alizaliwa na kilo nne kasoro kidogo. Pendo, aliyetimiza miezi yake yote tumboni, kilo mbili na robo.

Wageni wakija kuona watoto, mama mkwe aliwapeleka kwanza kwa Tabitha. Kwangu walifika baadaye, wakafunua kitenge, wakanyamaza.

"Mama yake alijinyima," mama mkwe aliwaambia nikiwa nimekaa hapo hapo. "Chakula kilikuwa tele."

Mimba nzima nilikula. Viazi, maharage, mayai, maziwa, mpaka viatu vikanibana. Hakuna aliyeniuliza. Basi hasira yote nikaipeleka kwa Tabitha, ambaye hakuwa amenikosea neno. Jioni ile nilimsikia Daudi akikohoa ng'ambo ya ua, nikaomba kikohozi kile kimkae, apungue japo kidogo kabla hajapandishwa kwenye mzani kesho. Niliomba hivyo wangu akiwa ananyonya. Kisha nikalala.

Nikasikia cherehani. Baba mkwe alikuwa fundi cherehani, naye alifariki miaka miwili kabla, kwa kisukari kilichoanza kumla macho na kumalizia mguu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha kidonda. Sasa yuko barazani kwake, anakanyaga cherehani kwa miguu yote miwili.

"Shikamoo baba," nikasema.

Hakuitikia. Alininyooshea mikono, nikampa Pendo, na hapo baraza si baraza tena, ni kliniki. Mzani unaning'inia kwenye boriti, kina mama wamepanga foleni, Tabitha yuko mbele yangu na Daudi anapimwa. Ninasukuma watu, ninachungulia mshale umesimama wapi. Baba mkwe anaufunika kwa kiganja.

"Unatafuta nini kwa mtoto wa mwenzio?"

Sauti yake haina ukali. Lakini najua ameisikia ile dua yangu, na ninatamani ardhi inimeze. Yeye anampandisha Pendo kwenye mzani, na ninapotazama, aliyemo si Pendo. Ni mtoto wa kiume, mdogo vilevile, ngozi imelegea mapajani, na sikio lake la kushoto lina pengo kama la Elia. Natazama tena. Sasa ni mwingine, mdogo kuliko wote, na macho yake ni yale ya mzee aliyekuwa akinipa sindano nimtungie uzi.

"Hukujinyima kitu," ananiambia. "Udogo huu umetoka kwangu. Na ugonjwa wangu umepita njia hiyo hiyo."

Maji yanamiminika mahali fulani. Elia amesimama kando ya ndoo, anakunywa kikombe baada ya kikombe, wala hageuki. Baba mkwe anamtazama, hanitazami mimi. Mguu wake mmoja haupo tena, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini.

"Nina watoto wawili wa kiume," anasema. "Waambie."

Nikaamka. Upande wa Elia ulikuwa mtupu. Nilimkuta jikoni, anakunywa maji. Wiki nyingi alikuwa akiamka hivyo, akinywa, akitoka kwenda chooni, akirudi kunywa tena, na mkanda wake ulikuwa umeongezwa matundu mawili. Nilikuwa nikiyaona yote hayo, lakini akili yangu ilikuwa kwenye nyumba ya watu.

"Asubuhi unakuja kliniki na sisi," nikamwambia. "Na usinywe chai."

"Kliniki ni ya kina mama. Mimi nakwenda kufanya nini?"

"Baba amekuja."

Akaweka kikombe chini.

Kliniki, nesi alimtoboa kidole, akasoma, akatoboa kingine, kisha akatupeleka kwa daktari. Sukari ilikuwa juu sana. Daktari, dada wa makamo yangu, aliuliza habari za baba mkwe, halafu akachukua kadi ya Pendo na kuitazama kwa muda.

"Ulikula vizuri ukiwa mjamzito?"

Elia akajibu kwa niaba yangu: "Alikula."

"Mtoto akiwa tumboni hukua kwa insulini anayoitengeneza mwenyewe," daktari akasema. "Kuna vinasaba vinavyofanya mwili uitengeneze kwa uchache. Mtoto anaweza kuvirithi kwa baba yake akazaliwa mdogo, hata kama mama hakukosa chakula. Na hivyo hivyo vinaweza kuleta kisukari ukubwani. Siwezi kuapa kwamba kwenu ndivyo ilivyokuwa. Si kila mtoto mdogo ataugua, na mkubwa naye hana kinga. Lakini ndugu wote wapimwe, na huyu binti msimsahau akikua."

Elia alipomweleza mama yake, mama mkwe alisema, "Wewe nawe ulikuwa hivyo. Nilikuogopa hata kukuogesha." Akamchukua Pendo mikononi mwangu. Samahani hakuniomba, na mimi sikuingoja.

Nilibaki na ujumbe mmoja, ule wa Yona, nikakaa nao siku mbili. Wivu ulikuwa bado haujanitoka. Ulikuwa ukininong'oneza kwamba wale wana mtoto wa kilo nne, waache wajitafutie wenyewe. Siku ya tatu Elia, akimeza vidonge vyake, akaniuliza kama nimemwambia Tabitha. Nikasema bado. Akampokea Pendo mikononi mwangu.

Nikavuka ua. Tabitha alikuwa mlangoni, akaniona nikija, akajiweka sawa kama mtu anayesubiri kugombezwa. Kisha akanikabidhi Daudi ili apate mkono wa kuvuta kigoda. Nilikuwa sijawahi kumbeba. Alikuwa mzito na wa moto, na kifuani bado alikuwa akikoroma kwa kile kikohozi.

"Nilidhani unanichukia," Tabitha akasema.

Sikukana.

"Mpeleke huyu kwa nesi amsikilize kifua," nikamwambia. "Na Yona mwambie kesho asinywe chai mpaka apimwe sukari. Baba amenituma."

Tabitha akakaa chini, akaniachia kigoda.