Kumpokea Nyanya Nje ya Seng'enge

Hakimu alinipa probesheni ya mwaka mzima kwa sababu ya kupuliza filimbi. Si mzaha. Nilipuliza filimbi na kupunga kitambaa cha kijani pale stesheni ya Nakuru, na treni ya mizigo ikaondoka ikafika Njoro bila gadi wake. Gadi, ambaye kazi yake ndiyo kuiruhusu treni, alikuwa bado anapoza chai kantini. Filimbi ile nilikuwa nimeifanyia mazoezi nyuma ya landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli tunamoishi, mpaka mbwa wakahama. Hakimu hakuuliza habari ya ufundi.

Masharti yalikuwa haya: kila Jumamosi nionane na afisa wa probesheni, jua likizama niwe nyumbani, na nisikanyage ndani ya stesheni hata kwa kidole. Nikikosea, napelekwa shule ya watoto wakorofi, na mtihani wangu wa mwisho wa mwaka nitaufanyia ndotoni. Mimi na ule mtihani tulikuwa tumeshakubaliana kwamba nitaushinda. Basi nikaamua kuwa mtu mtiifu kuliko wote mjini. Jumamosi nilimkuta afisa akiwa bado anatafuta ufunguo wa ofisi yake. "Karibu, bwana," nikamwambia, "mimi nimeshafika."

Halafu Nyanya akaja kutoka upande wa Kisumu kumwona mdogo wangu mchanga. Mama hakuweza kutoka, Baba alikuwa safarini na injini yake, na habari ya korti Nyanya alikuwa amefichwa. Nikatumwa mimi. Nikasimama nje, vidole vimeshika seng'enge, karibu na geti ambalo askari wa reli alikuwa ameliacha wazi.

Nyanya akashuka na jogoo, mkungu wa ndizi na furushi. Akaviweka chini, akakalia furushi. Nilijua maana yake. Kwetu mgeni habebi mzigo wake. Mwenyeji huuchukua pale pale mgeni aliposhukia. Akijibebea, ni kama hakutakiwa.

"Nyanya! Karibu! Njoo huku!"

"Nani huyo anayeniita kama anaita kuku?"

"Mjukuu wako!"

"Mjukuu wangu ana miguu."

"Ninayo, Nyanya, lakini imekatazwa!"

"Na nani?"

Nikasema ukweli, maana ukitoka kinywani mwangu hakuna anayeuamini. "Na serikali!"

"Serikali imeacha kazi zake zote ikashika miguu yako?" Watu wa jukwaani wakacheka. Nyanya hakucheka. "Mwambie mama yako nilifika. Nitarudi na treni ya jioni."

Hapo kiherehere changu kikapungua kidogo. Na nani akatokea? Gadi yule yule, filimbi shingoni, aliyekuwepo kortini masharti yangu yakisomwa.

"Aa, gadi mwenzangu!" akasema. "Ingia basi umchukue bibi yako. Geti liko wazi, ni hatua moja tu."

Askari alikuwa ameshageuka kutuangalia. Nyanya alikuwa anaifunga upya kamba ya jogoo, polepole, bila kuniangalia. Ile hatua niliitamani kweli. Mguu mmoja ulianza kuinuka, nikaurudisha.

"Siingii, mzee," nikasema. "Lakini wewe ndiye mwenyeji humo ndani. Nakuomba umpokee kwa niaba yetu. Nami unidai chochote, hata makofi."

Gadi akaenda kwa Nyanya, akavua kofia, akamsalimu kwa lugha ya nyumbani. Kumbe wanatoka upande mmoja. Akachukua furushi kwa mkono mmoja, mkungu kwa mwingine, na Nyanya akainuka kama bibi harusi, jogoo kwapani, akamfuata mpaka getini.

"Nilitaka sana uingie," gadi akaninong'oneza akinipa mzigo.

"Najua, mzee. Afisa wangu akikuuliza?"

"Nitamwambia nilimwona mtoto mjeuri sana, nje." Akarudi kwenye treni yake, na mara hii aliipuliza filimbi mwenyewe.

Tulipofika nyumbani Nyanya alimpakata mtoto mchanga, akanywa uji, ndipo akamwambia Mama: "Huyu mkubwa wako hana adabu hata kidogo. Lakini ana marafiki wazuri huko kwenye reli."

Mama akanitazama. Nikachukua kitabu cha hesabu, nikaanza kusoma kwa sauti.